Taji la Karatasi la Ursula Cleeve

Ursula Cleeve hakuwahi kuvuta pazia la jikoni kwake wakati Jabez Nutbeam akiwa ndani. Si wakati wa joto, si katikati ya baridi, upepo wa bondeni unapopenya kila ufa wa dirisha. Taa iliwekwa katikati ya meza, na yeyote aliyepita njia ya kanisani aliwaona wawili wale kama vitu vilivyopangwa kwenye dirisha la duka: mwanamke upande huu na sindano yake, mwanamume upande ule na kikombe chake cha chai, na kati yao mkate, jibini na vitunguu vya siki. Akishashiba, Jabez husimama, akachukua kofia yake, akasema, "Haya, Ursula." Naye humjibu, "Haya, Jabez." Basi. Wakazeeka hivyo, kijiji kizima cha Combley kikiwatazama, na bado kijiji kikasengenya.

"Mwanamume mzima anaingia kwa mwanamke asiye na mume kila jioni, halafu tuambiwe ni chai tu," Bi Harriet Loder alikuwa akisema dukani. "Hiyo chai ina sukari gani?"

Wenzake hucheka, na muuza duka hujifanya anapanga makopo. Tuseme ukweli, swali lenyewe halikuwa la kijinga. Watu wawili wazima, wanapendana waziwazi, hakuna aliyewazuia, kwa nini wasioane?

Hawakuoana kwa sababu ya mlango. Ursula alikuwa mtu wa kanisa la kijiji, lile la mawe ya gumegume lililo chini karibu na mto, la kale mno hata hakuna anayejua nani aliweka jiwe la kwanza. Baba na mama yake wamelala pale, chini ya ule mti mweusi wa makaburini. Yeye ndiye aliyefua vitambaa vya madhabahu na kung'arisha shaba zote, kuanzia msalaba hadi vitasa. Jabez alikuwa Mmethodisti, wa kanisa dogo la matofali kule mlimani. Babu yake ndiye aliyelijenga, kwa mikono yake, mwaka ule kasisi wa zamani alipomfungia mlango wa kanisa la chini na kukataa kumzikia mtoto wake mchanga kwa kuwa alikufa hajabatizwa. Mzee yule akaapa kwamba hakuna Nutbeam atakayevuka kizingiti kile tena. Na akina Nutbeam wakiapa, wameapa.

"Ndoa itafungwa kwetu," Ursula alimwambia Jabez walipokuwa vijana. "Siolewi kwenye banda la matofali kama ng'ombe wa mnadani."

"Na mimi siingii mlango uliofungiwa babu yangu. Hata mnivute kwa kamba."

"Basi siku utakayoingia, utanikuta ndani nimevaa nyeupe."

"Utangoja sana, Ursula."

"Kwani nina safari?"

Wakacheka. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake atachoka kabla ya mavuno. Hakuchoka mtu. Mavuno yakapita, na mengine, mpaka ikawa hakuna tena anayekumbuka kuuliza.

Sasa, ndani ya kanisa lile, juu kabisa ukutani, yametundikwa mataji. Si ya dhahabu. Ni fito zilizokunjwa zikafungwa, zikavishwa maua ya karatasi nyeupe, na kila taji linaning'iniza glovu tano za karatasi. Ni ya watu wa Combley, wake kwa waume, waliozaliwa katika mipaka ya parokia hii, wakabatizwa humu, wakaishi bila kuoa wala kuolewa na bila doa, kisha wakafia humuhumu. Mmoja wao akifa, taji lake hutangulizwa mbele ya jeneza, kisha hutundikwa chini karibu na mlango kwa Jumapili tatu. Mwenye neno juu ya marehemu huenda akachomoa glovu moja mbele ya watu wote. Ikichomolewa, taji linachomwa moto. Jumapili ya tatu ikipita salama, linapandishwa juu na jina la mwenyewe, na hapo halishushwi hata likibaki mifupa.

Ursula ndiye aliyekuwa akiyatengeneza, kazi aliyoirithi kwa shangazi yake. Na fito alizipata kwa Jabez, kwa kuwa yeye riziki yake ilikuwa kufuma nyua za fito za kuzuilia kondoo. Kila alipozileta walichezeana mchezo uleule.

"Za nini hizi?"

"Za mambo yetu ya kipagani, mnayoyasema huko mlimani."

"Ala! Basi ningejua nisingekuchagulia zilizonyooka."

Halafu hukaa akamsaidia kukata maua, mkasi mmoja kwake na mmoja kwa Ursula. Alijiambia kwamba karatasi ni karatasi, haina dhehebu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya Bi Harriet awe adui. Binti yake, Mabel, alikufa kwa mapafu akiwa kigori, msichana mpole ambaye hakuna aliyekuwa na neno naye. Lakini Harriet alipopata uchungu wa kumzaa alikimbizwa hospitali ya mjini, na Mabel akaletwa Combley akiwa na umri wa wiki moja. Harriet alikuja kwa Ursula machozi hayajamkauka.

"Wiki moja tu, Ursula. Wiki moja ya kulala na kunyonya."

"Najua, Harriet. Lakini kazaliwa ng'ambo."

"Ng'ambo ya mto! Si ng'ambo ya bahari!"

"Sheria hii sikuitunga mimi."

Ursula alikataa. Jioni ile alilia mbele ya Jabez, taa inawaka na pazia liko wazi, mtu yeyote angeweza kumwona. Lakini alikuwa amekataa, na Mabel Loder hana taji mpaka leo. Harriet hakusamehe, na mtu akiniambia alipaswa kusamehe nitamwuliza kama amewahi kuzika.

Kisha vita vikaja, na ndege za Wajerumani, na amri ya serikali kwamba jioni kila dirisha lifunikwe, taa isionekane hata kidogo. Walter Loder, mume wa Harriet, ndiye aliyepewa kofia ya chuma na filimbi ya kulinda giza. Ursula akawa njia panda. Pazia likivutwa, mwanamume hawezi kuwa ndani. Asipolivuta, ni faini. Akakata shauri kama ilivyokuwa desturi yake: pazia likavutwa, na Jabez akatolewa nje. Miaka yote ya vita alipewa sahani yake mlangoni, mlango ukafungwa, naye akala ameketi kizingitini, mgongo kwenye mbao na gunia mabegani. Mvua ikinyesha alikula mvua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Jabez hakulalamika. Lakini kuna usiku wa theluji alipokaa pale, viazi vinapoa kabla havijafika mdomoni, akimfikiria Ursula ndani karibu na moto, miguu imepashwa, na akasema moyoni, mimi ni mbwa wake. Vita vikaisha, pazia likafunguliwa, akarudi kwenye kiti chake. Hakulisema kamwe neno hilo. Ila lilikuwa halijamtoka.

Ugonjwa wa Ursula ulianza tumboni, majira ya maua kuchanua, na ulikuja kwa haraka. Daktari alifika na gari likaachwa linanguruma getini.

"Mama, ukipasuliwa leo una nafasi," alisema. "Ukibaki hapa sina la kukuahidi."

"Na nikifia huko mjini?"

"Kwa nini unawaza kufa?"

"Kwa sababu wewe unawaza, mwanangu. Nakuona usoni."

Daktari akatoka kwa hasira akasimama bustanini. Jabez akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuwahi kumwomba mwanamke yule kitu chochote tangu ujana wao.

"Nenda, Ursula. Nakuomba kwa jina la Mungu. Nitaingia kanisani kwenu. Kesho. Leo hii, ukitaka. Atufungishe ndoa huyo kasisi wenu mwenye meno ya sungura, sijali. Nenda tu."

Ursula alimgeukia.

"Ungeyasema hayo nilipokuwa na meno yangu yote," alisema polepole. "Sasa nimebakiwa na taji, Jabez. Usininyang'anye na hilo."

"Karatasi, Ursula! Karatasi na gundi ya unga!"

"Ndiyo. Na utalitengeneza wewe, maana mwingine hajui. Uangalie glovu. Vidole unavikosea."

Gari likaondoka tupu. Jabez alilisikia likipanda kilima mpaka mlio wake ukapotea, na akajua kwamba hapo ndipo Ursula alipokufa, ingawa pumzi ilimtoka siku ya tatu, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Jabez.

Alilitengeneza taji peke yake, kwenye meza ileile, taa inawaka na pazia likiwa wazi kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kukaa mle ndani. Waliopita waliona mtu mmoja na mikasi miwili. Alikunja fito, akazifunga, akakata maua mengi kuliko yaliyohitajika. Machozi yalilowesha karatasi akaitupa, akaanza nyingine.

Siku ya maziko wasichana wawili waliovaa nyeupe walilibeba taji mbele ya jeneza likining'inia kwenye fimbo. Jabez alifuata nyuma kabisa. Walipofika barazani mwa kanisa, mbele ya mlango, miguu yake ikagoma. Hakuipangia igome. Watu wakampita wakiwa wameinamisha vichwa, naye akabaki pale amekumbatia kofia mpaka sala zikaisha na jeneza likatoka. Mtu aliyeahidi kuingia naye akiwa hai, hata siku ileile, akashindwa kuingia na maiti yake. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Lakini Jumapili aliingia. Alisukuma mlango kama mtu anayeruka mtoni, pumzi kaibana, na hakutokea lolote. Ulikuwa mlango tu. Mbao, bawaba na kitasa cha shaba. Ndani kulikuwa na baridi, na harufu iliyomkamata kooni kabla hajavua kofia: dawa ya kung'arishia shaba. Ndiyo harufu ya mikono ya Ursula. Miaka yote hiyo alidhani ni harufu ya Ursula mwenyewe, na kumbe alikuwa akiileta kutoka humu. Akaketi benchi la mwisho, chini ya taji lile jeupe, na maneno ya ujanani yakamrudia, kwamba siku atakayoingia atamkuta ndani amevaa nyeupe. Akainamisha uso ili watu wasimwone.

Kasisi Haslam alisimama mwisho wa ibada akauliza kama ilivyo desturi, "Yupo mwenye neno juu ya Ursula Cleeve?"

Hakuna aliyejibu. Kule mlimani, Wamethodisti wenzake Jabez walimngoja.

"Ndugu Jabez, tunasikia umehamia kwa wenye mishumaa."

"Sijahamia. Nalinda kitu."

Jumapili ya pili Harriet Loder, mjane sasa, alikuja na fimbo yake, akakaa mahali ambapo angeweza kuzitazama glovu, na akazitazama ibada nzima. Kasisi alipouliza, hakusema neno. Nje, getini, Jabez akamsimamisha.

"Harriet, kama una neno na Ursula, niambie mimi."

"Wewe si glovu, Jabez."

"Wewe unajua hakuna kilichotokea."

"Mimi najua nini? Mimi nilikuwa chini ya meza? Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho. Tutaonana."

Wiki ile Jabez hakula chakula cha kueleweka. Marehemu hana wakili katika desturi hii. Glovu ikichomolewa hakuna wa kujibu, hakuna wa kuapa, na hata wakimruhusu kuapa, nani ataamini kiapo cha mwanamume aliyekuwa akiingia kila jioni? Ursula alikuwa amelilipia taji lile kwa uhai wake. Likichomwa moto, atakuwa amekufa bure, na dawa ilikuwa umbali wa safari fupi ya gari. Na kilichomuuma zaidi ni wazo lililokuwa likimjia akiwa anafuma fito zake, wazo ambalo asingethubutu kumwambia mtu: laiti kati yake na Ursula kungekuwa na kitu cha kupinga. Laiti Harriet angekuwa na haki.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Kasisi aliuliza swali lake, na kabla sauti haijatulia fimbo ya Harriet ikasikika sakafuni, ko, ko, ikija mlangoni. Jabez akainuka.

"Harriet," alisema.

"Nyamaza, Jabez. Umenyamaza maisha yako yote, leo ndiyo unataka kujifunza kusema?"

Akaishika glovu moja kwa vidole viwili. Mtu mmoja mbele akaguna. Kasisi akasema, "Bi Loder, una neno?"

"Ninalo. Mwaka ule wa theluji nyingi wakati wa vita, Walter wangu alisikia kwamba kwa Ursula kuna mwanga unavuja. Nikamfuata. Nilitaka kushuhudia mwenyewe anavyopigwa faini, nisiwafiche. Walter akapita mbele, akamkuta huyu hapa kizingitini na gunia lake, anakula theluji na viazi. Mimi nikazunguka nyuma, kwenye dirisha la pale anapooshea vyombo, kitambaa chake kimeachia pembeni. Nikabandika uso kwenye kioo."

Akaiegemea fimbo yake.

"Taa ilikuwa imezimwa. Moto kauacha ukafa, kuna makaa mawili matatu tu. Na Ursula hakuwa kwenye kiti. Alikuwa sakafuni, amevaa koti lake na kitambaa kichwani, mgongo kauegemeza mlangoni, sahani magotini. Anatetemeka kama kifaranga. Huyu nje mgongo mlangoni, yule ndani mgongo mlangoni, na katikati yao ubao. Nilicheka wiki nzima peke yangu. Sikumwambia mtu, hata Walter. Ningesema, mngemwonea huruma, na mimi sikutaka mumwonee."

Jabez alishika benchi la mbele yake.

"Alininyimia mwanangu taji kwa ajili ya wiki moja," Harriet aliendelea. "Nimeomba miaka yote nigundue kwamba alikuwa mwongo. Kwamba ana sheria kwa wengine, na kwake hana. Ningelala vizuri. Sikugundua. Alikuwa mkali kwake kuliko alivyokuwa kwangu, na hilo ndilo neno langu."

Halafu akaisogeza glovu karibu na macho yake.

"Na wewe Jabez, huoni? Umekata zote tano za mkono wa kulia."

Watu wengine wakacheka huku wanafuta macho. Harriet hakucheka. Aliigeuza glovu juu ya uzi wake, nyuma ikawa mbele, na ikawa ya kushoto.

"Ukiigeuza tu," alisema. Akarudi mahali pake, akaketi.

Ngazi ikaletwa. Taji la Ursula Cleeve likapandishwa juu, karibu na lile ambalo shangazi yake alimtengenezea mtu ambaye hakuna tena anayemkumbuka, na jina la Ursula likapigiliwa msumari chini yake. Jabez alisimama akitazama mpaka kanisa likawa tupu. Harriet akapita, akampiga begani kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayempiga punda, akaenda zake.

Jioni Jabez alikwenda kule nyumbani kwa Ursula. Akawasha taa, akakata mkate na jibini, akaweka vitunguu. Kisha akaenda dirishani. Pete za pazia zilikuwa zimeota kutu tangu vita, zikagoma, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likafunga. Hakuwasha moto. Akaipuliza taa, akachukua sahani yake, akajishusha polepole, mzee wa magoti mabovu, mpaka akakaa sakafuni, mgongo mlangoni, upande wa ndani. Baridi ya mbao ikapenya koti. Akaanza kula.